Maswali na Majibu: Istilahi za Michezo ya Uhusika Mezani

Tangu safu hii ilipogusia michezo ya uhusika, ile ambayo watu wachache huketi mezani wakiwa na karatasi, penseli na dadu, kisha kila mmoja akajivika nafsi ya mhusika wa kubuni na kumwendesha kwa maneno, tumepokea barua nyingi, na karibu zote zina lalamiko moja: mchezo wenyewe unaeleweka, ila maneno yake yanatisha. Tumechagua barua nane. Kabla ya kuzijibu nitaje jambo moja litakalorudi mara kwa mara, kwamba sehemu kubwa ya maneno haya, hata yale yanayoonekana kuwa ya hesabu tupu, yamebuniwa ili ijulikane ni nani mwenye haki ya kusema kilichotokea.

Mhariri, kitabu kimoja kinamtaja Bwana wa Shimo, kingine kinamtaja mwamuzi, na cha tatu kinamtaja msimulizi. Je, hawa ni watu watatu wanaokaa pamoja, au ni mtu mmoja mwenye majina mengi? (Mgeni Mezani)

Ni mtu mmoja, na hapa tutamwita mwendeshaji ili tusichanganyikiwe. Wenzake kila mmoja ana mhusika wake. Yeye amepewa dunia yote iliyobaki: hali ya hewa, mlango uliofungwa, mlinzi anayesinzia, adui aliyejificha, na matokeo ya kila jambo litakalojaribiwa. Mchezaji akisema, “Naupanda ukuta,” ni mwendeshaji atakayeamua kama ukuta huo unapandika bila taabu, haupandiki kamwe, au una utata wa kutosha hata dadu ziitwe zitoe uamuzi. Watu wengine wanaotokea katika hadithi, kama vile muuza dawa, mfalme na huyo mlinzi anayesinzia, huitwa wahusika wa mwendeshaji, na kwenye vitabu vingi utawaona wakiandikwa kwa kifupi NPC.

Wingi wa majina umetokana na historia. Cheo cha kwanza kilikuwa mwamuzi, nacho kilitoka jeshini. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia aliyeitwa Georg von Reisswitz alitoa kanuni za Kriegsspiel, mchezo wa vita wa kuwafunzia maofisa, ambamo makamanda wa pande mbili walitoa amri zao na mwamuzi akapambanua, kwa ramani na dadu, yaliyowapata askari wao. Karne moja na nusu baadaye, mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipochapisha Dungeons & Dragons nchini Marekani, mchezo unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa aina hii kuuzwa, kanuni zao bado zilimwita mwendeshaji mwamuzi. Haukupita muda mrefu likaenea jina la Bwana wa Shimo, kwa kuwa kazi yake kubwa siku zile ilikuwa kuchora mashimo na mapango ambamo wachezaji wangepotelea. Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha uliotoka mwaka 1981, ukamwita Mtunzaji, yaani mtunza elimu ya siri, na Vampire: The Masquerade wa mwaka 1991 ukamwita Msimulizi.

Kila jina linabeba matarajio yake. Mwamuzi hatakiwi kupendelea upande wowote. Mtunzaji anajua jambo ambalo wenzake hawalijui na hulitoa kidogo kidogo. Msimulizi anajali zaidi hadithi inaelekea wapi kuliko nani kamshinda nani. Ukialikwa kwenye meza usiyoijua, uliza kwanza wanamwitaje mtu huyo, maana jibu litakuonyesha mengi kuhusu desturi zao. Ipo pia michezo isiyo na mwendeshaji, ambamo mamlaka yake yamegawanywa kwa wote walioketi, lakini anayeanza nisingemshauri aanzie huko, kwa sababu ni vigumu kugawana kazi ambayo hujawahi kuiona ikifanywa.

Shikamoo mwandishi. Karatasi niliyopewa ina maandishi kama 3d6, 1d20+4 na d100. Hesabu si adui yangu, ila hizi nimeshindwa kuzisoma. Halafu mwenzangu anasema vile tunavyorusha ni kete, mimi nasema ni dadu. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi)

Marahaba. Nianze na ugomvi wenu, kwa kuwa ni mwepesi. Wapo wanaoviita vyote kete, na sitawakamata. Hata hivyo, katika mchezo huu utakuwa na vyote viwili mbele yako: kitu chenye nyuso za namba kinachorushwa, na kitu kidogo kinachosogezwa juu ya ramani kuonyesha mhusika amesimama wapi, kama kinavyosogezwa kwenye drafti. Ukiita cha kwanza dadu na cha pili kete, mwendeshaji akisema “chukua kete yako” hutababaika.

Sasa maandishi yenyewe. Namba iliyotangulia herufi d inakwambia urushe dadu ngapi, na namba inayofuata inakwambia kila dadu iwe na nyuso ngapi. Kwa hiyo 3d6 ni dadu tatu za nyuso sita, zikarushwa na kujumlishwa, na jumla yake haipungui 3 wala haizidi 18. Katika 1d20+4 unarusha dadu moja ya nyuso ishirini, kisha unaongeza 4, ambayo ni nyongeza inayotokana na nguvu, ustadi au silaha ya mhusika wako. Ile d100 kwa kawaida hupatikana kwa dadu mbili za nyuso kumi, moja ikisomwa kama makumi na nyingine kama mamoja, na sifuri zote mbili zikitokea pamoja huhesabiwa kuwa 100.

Dadu za nyuso 4, 6, 8, 12 na 20 zina maumbo matano ambayo wanahesabu wa Ugiriki ya kale waliyathibitisha kuwa ndiyo pekee yenye nyuso zilizo sawa kabisa kwa kila hali. Dadu ya nyuso 10 haimo katika familia hiyo. Ilikuja baadaye kidogo, na katika miaka ya mwanzo wachezaji waliohitaji namba kumi walitumia dadu ya nyuso 20 iliyoandikwa 0 hadi 9 mara mbili.

Umenikuna uliposema hesabu si adui yako, basi nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wachezaji wengi wa miaka mingi wanapokosea. Dadu moja ya nyuso 20 haina upendeleo: kila namba ina nafasi ya asilimia 5, na 1 inaweza kutokea sawa na 11 au 20. Dadu tatu za nyuso 6 zina tabia nyingine kabisa. Kuna njia 216 za kuziangusha, na kati ya hizo ni moja tu inayoleta 18, ilhali njia 27 zinaleta 10 na nyingine 27 zinaleta 11. Ukichukua jumla za 9 hadi 12 peke yake, utakuta zinatokea mara 104 katika 216, karibu nusu ya mitupo yote. Kwenye dadu moja ya nyuso 20 namba hizo hizo nne zingetokea mara moja katika tano. Wastani wa mitupo yote miwili ni 10.5, na bado mchezo wa d20 umejaa mishtuko wakati mchezo wa 3d6, kama GURPS ya mwaka 1986, humfanya fundi aonekane fundi karibu kila siku. Anayechagua dadu anachagua pia ni mara ngapi bahati itaruhusiwa kumkatiza mwenye ujuzi.

Utasikia pia neno upendeleo, ambalo limetumika sana tangu toleo la tano la Dungeons & Dragons la mwaka 2014. Maana yake ni kwamba hali imekuelemea vizuri, kwa mfano umemvizia adui kutoka gizani, hivyo unarusha d20 mbili na kuchukua iliyo kubwa. Watu huuliza upendeleo ni sawa na kuongezewa ngapi, na jibu la kweli ni kwamba inategemea unachokitafuta. Ukihitaji 11 au zaidi, nafasi yako inapanda kutoka asilimia 50 hadi 75, msaada mkubwa mno. Ukihitaji 20 kamili, inapanda kutoka asilimia 5 hadi 9.75 tu. Upendeleo humsaidia zaidi mwenye jambo la wastani kuliko mwenye kuomba muujiza. Kinyume chake ni kizuizi, ambacho kinakulazimisha kuchukua dadu iliyo ndogo.

La mwisho, usidhani kwamba kila mahali namba kubwa ndiyo nzuri. Katika RuneQuest ya mwaka 1978, na katika Call of Cthulhu iliyofuata nyayo zake, ustadi huandikwa kwa asilimia: mwenye 45 katika kufungua makufuli anarusha d100 na kufanikiwa akipata 45 au chini yake. Aliyezoea d20 hushangilia akiona 98 imetua, kisha anashangaa kwa nini wenzake wanamsikitikia.

Ndugu Mhariri, mhusika wangu ana alama 38 za uhai. Alichomwa mkuki, akapoteza 9, kisha akaendelea kupigana kana kwamba hakuna kilichotokea. Huo mkuki ulipita wapi? (Mpiganaji Mwenye Mashaka)

Swali lako limeulizwa tangu mchezo ulipozaliwa. Katika Chainmail, kanuni za vita vya kete zilizochapishwa mwaka 1971 ambazo Dungeons & Dragons ilizirithi, askari wa kawaida akipigwa mara moja amekufa. Kwa mchezo wa majeshi hilo halina ubaya, ila mtu aliyemlea mhusika mmoja kwa majuma kadhaa hapendi kumpoteza kwa dadu moja. Dave Arneson alisimulia kwamba suluhisho alilichukua kwenye kanuni alizokwisha kuziandika za vita vya manowari za chuma katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, ambamo kila meli ilikuwa na kiasi cha mapigo inayoweza kuyastahimili na kiwango cha unene wa chuma chake. Ukijua hivyo, mkuki wako unaeleweka: mhusika wako anahesabiwa kama manowari, na manowari huendelea kupiga mizinga kwa nguvu zote hadi dakika inapozama.

Gygax, katika kitabu chake cha waendeshaji cha mwaka 1979, alieleza kwamba ni sehemu ndogo tu ya alama hizo inayohusu nyama na damu, na kwamba zilizobaki ni ustadi, bahati na ulinzi wa nguvu zisizoonekana. Kwa maelezo hayo, zile alama 9 zaweza kuwa mkuki uliokwaruza bega, au uliokosa kabisa lakini ukakugharimu pumzi. Mimi nakubaliana naye, isipokuwa nafasi hii inamtaka mwendeshaji awe na ulimi. Akitaja namba peke yake, “umepoteza tisa,” mashaka yako yatabaki palepale. Akisema mkuki umepasua ngao na mkono umekufa ganzi, namba ile ile inapata mwili. Kama bado hujaridhika, tafuta mchezo wa namna ya RuneQuest, ambamo mkono, mguu, kifua na kichwa kila kimoja kina alama zake, na ambamo mkuki ukiingia mguuni unaanguka.

Ule unene wa chuma cha meli ndio uliozaa kiwango cha kinga, namba ambayo adui anatakiwa kuifikia ili akupate. Ukiwa na kinga ya 15, na adui ana nyongeza ya 4, anahitaji 11 au zaidi kwenye dadu, yaani nusu kwa nusu. Angalizo moja kwa wanaosoma vitabu vya zamani: kabla ya toleo la mwaka 2000, katika Dungeons & Dragons kinga bora ilikuwa namba ndogo, hata kufika chini ya sifuri, na usipolijua hilo utadhani kitabu kimekosewa.

Mheshimiwa, mwanangu hucheza na wenzake chumbani, nami nimemsikia akisema, “Mimi ni mwizi wa daraja la tatu, na huyu mlinzi nimemmaliza.” Nilisimama mlangoni nikatetemeka. Niambie kwa maneno ya kawaida anasema nini. (Mama Mwenye Wasiwasi)

Mama yangu, tuliza moyo. Amesema mambo matatu, na kila moja lina neno lake.

“Mwizi” ni fani. Michezo mingi humtaka mchezaji achague kazi ya mhusika wake, na kazi hiyo ndiyo inayoamua anaweza nini. Dungeons & Dragons ya mwaka 1974 ilikuwa na fani tatu tu, ambazo ni mpiganaji, mchawi na kasisi; mwizi aliongezwa mwaka 1975, na matoleo ya baadaye yakambadilisha jina kwa kuwa watu waligundua kwamba kazi yake hasa ni kunyata, kutegua mitego na kufungua makufuli, wala haimlazimu kumwibia mtu.

“Daraja la tatu” ni kipimo cha ukomavu. Mhusika hukusanya alama za uzoefu, na zikifikia kiasi fulani hupanda daraja, akapata alama zaidi za uhai na uwezo mpya. Hapa niseme kwamba Kiswahili kinatutendea wema ambao Kiingereza hakikuwatendea wenyewe. Wao hutumia neno moja kwa ukomavu wa mhusika, kwa uzito wa uchawi na kwa kina cha shimo chini ya ardhi, na Gygax mwenyewe aliona haja ya kuwafafanulia wasomaji maana hizo mbalimbali. Kwa kuwa mchawi wa Dungeons & Dragons huufikia uchawi wa tatu akiwa wa tano, kila mwanafunzi wao huuliza kuna kosa gani. Sisi tuna daraja la mhusika, ngazi ya uchawi na ghorofa ya shimo, na tukiyatunza maneno hayo matatu, mchawi wa daraja la tano anayetumia uchawi wa ngazi ya tatu kwenye ghorofa ya pili hatamchanganya mtu.

Jambo la tatu ni hilo neno “mimi”, ambalo nadhani ndilo lililokutetemesha. Mchezaji akiwa ndani ya uhusika husema kwa kinywa cha mhusika wake, na akitoka nje ya uhusika husema kwa kinywa chake mwenyewe, labda kuuliza kanuni au kuomba maji. Wengine husema “mhusika wangu anamvamia mlinzi,” wengine “namvamia mlinzi,” na yote mawili ni sahihi. Mpaka huo una maana kubwa kwa wachezaji wenyewe, kiasi kwamba kuuvuka kwa hila kumepewa jina la lawama: kutumia maarifa ya nje. Mwanao akiwa amesoma kitabuni kwamba zimwi fulani linaogopa moto, lakini mhusika wake hajawahi kuliona zimwi hilo, kisha akakimbilia mwenge bila sababu, wenzake watamkemea. Ukisikia mzozo mlangoni, mara nyingi utakuwa ni huo.

Kampeni ni nini? Sisi tunajua ya uchaguzi tu. (Mpiga Kura)

Ni mfululizo wa vikao vinavyowafuata wahusika wale wale, kwa miezi au hata miaka. Neno lilitoka kwenye michezo ya vita, ambako lina maana ya mapigano mengi yaliyounganishwa kuwa vita vimoja. Kikao ni siku moja ya kucheza, na hadithi inayoanza na kumalizika katika kikao kimoja huitwa mchezo wa kikao kimoja. Anzeni na huo.

Ndugu, tumezoea kupata au kukosa. Kuna mchezo tuliojaribu ambao mwendeshaji kila mara anatuambia “umefaulu, lakini”. Hiyo “lakini” inatoka wapi, au anatuonea? (Mfungua Makufuli)

Hawaonei, mradi mchezo wenyewe ni wa ile familia iliyotokana na Apocalypse World, uliotolewa mwaka 2010 na Vincent Baker. Humo unarusha 2d6 na kuongeza nyongeza yako. Ukipata 10 au zaidi umefaulu. Ukipata 7 hadi 9 umefaulu kwa gharama. Ukipata 6 au chini, mwendeshaji ndiye anayeshika usukani na kusema linalofuata. Kwa mtu asiye na nyongeza, kati ya njia 36 za kuangusha dadu hizo mbili, 6 zinaleta mafanikio kamili, 15 zinaleta mafanikio ya gharama, na 15 zilizobaki ni za mwendeshaji. Mwenye nyongeza ya 1 anafaulu kikamilifu mara 10, kwa gharama mara 16, na kumwachia mwendeshaji mara 10. Unaona basi kwamba “lakini” imewekwa kwa makusudi iwe jibu la kawaida.

Kufuli lako likifunguka kwa gharama, limefunguka kweli, na mwendeshaji hana ruhusa ya kukunyang'anya ulichopata. Anachoruhusiwa ni kuongeza jambo, kama vile nyayo zinazokaribia au ufunguo wako wa waya kukatikia ndani. Akisema kufuli limegoma kwa 8, hapo amekosea, nawe unayo haki ya kumkumbusha.

Mwandishi, mwendeshaji wetu ni rafiki yangu na sitaki kumvunjia heshima, ila kila tunachoamua kinaturudisha mahali pale pale alipotaka. Tukikataa kuingia pangoni, daraja linavunjika. Tukizunguka, mvua inatufukuza mpaka pangoni. Wachezaji wenye uzoefu wana neno la jambo hili? (Abiria)

Wanalo, na jina ulilojipa linaonyesha umelikaribia: husema meza hiyo imewekwa kwenye reli. Treni inakwenda, mandhari ni nzuri, ila usukani haupo. Kinyume chake ni uwanja wa mchanga, ambapo mwendeshaji anatandaza nchi yenye vijiji, magofu na mizozo yake, kisha anawaacha wachezaji wachague waende wapi, hata kama watachagua pasipo na chochote cha kusisimua.

Nina neno la kumtetea rafiki yako, ingawa hukuniomba. Huenda ametumia usiku mzima kuliandaa pango hilo, na hana kingine mkononi. Mvua yake ni kilio cha mtu ambaye akiba imemwishia. Na hadithi yenye mstari ulionyooka si kosa, ikiwa wote wamekubali kuifuata: kundi likisema mapema kwamba linataka kumtafuta binti wa mfalme, basi kila njia ielekee kwa binti wa mfalme. Reli huwa reli pale mchezaji anapoulizwa “unafanya nini?” na jibu lake likawa halina uzito wowote. Hapo haki yake pekee, ile ya kusema mhusika wake anatenda nini, imechukuliwa huku ikijifanya ipo.

Dawa ipo, nayo pia ina jina: kikao sifuri. Hiki ni kikao cha kukutana kabla ya kucheza, ambapo kundi linakubaliana hadithi iwe ya namna gani, kanuni zipi zitumike, na kanuni zipi za nyumbani, yaani zile mlizozibuni wenyewe, zichukue nafasi ya zile za kitabuni. Mnaweza kukifanya hata katikati ya kampeni. Mwambie rafiki yako, nje ya uhusika na pasipo hadhira, kwamba mngependa awaulize mwishoni mwa kila kikao mnakusudia kwenda wapi kikao kijacho. Yeye atapata muda wa kuandaa, nanyi mtapata usukani.

Katika kikao hicho pia makundi mengi hutaja mistari na mapazia. Mstari ni jambo ambalo halitatokea kabisa katika hadithi yenu. Pazia ni jambo linaloweza kutokea lakini halitasimuliwa, kama filamu inavyohamia asubuhi ya pili. Na kwa yale yasiyoweza kutabiriwa ipo kadi ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos: karatasi ndogo yenye herufi hiyo huwekwa katikati ya meza, na yeyote akiigusa, jambo linalosimuliwa linaondolewa bila yeye kudaiwa maelezo. Nimewahi kusikia ikidharauliwa kuwa inaua mchezo. Katika meza nilizokaa imeguswa mara mbili tu, na mara zote mbili tulirudi kwenye hadithi kabla chai haijapoa.

Mwendeshaji wetu ameniambia nirushe d3. Nimepekua mfuko mzima wa dadu, haimo. Je, nimeuziwa mfuko pungufu? (Mnunuzi)

Mfuko wako ni kamili. Rusha dadu ya nyuso 6: 1 na 2 zisome kuwa 1, 3 na 4 ziwe 2, 5 na 6 ziwe 3. Akikuomba d2, rusha sarafu, na mkubaliane upande upi ni upi kabla haijaondoka mkononi.